Ijumaa za Muna

Ijumaa, 8 Januari 2016

Wanafunzi wa chuo kikuu walioahidi kuja walikuwa sita. Wamekuja wawili. Mmoja ni Mubin, kijana wa Mombasa, mtoto wa Waleed, ambaye ametuazima chumba cha nyuma cha ofisi yake ya mizigo hapa Al Baraha, Dubai. Wa pili ni msichana kutoka Kenya bara, jina lake Pauline. Kazi yao ni kuwasaidia masomo, kila Ijumaa baada ya alasiri, watoto watano wa ndugu wawili wanaolinda maghala ya tajiri mmoja karibu na gati za Deira. Watu hawa wametoka katika misitu iliyo nyuma ya Lamu. Arbab wao, yaani huyo tajiri wanayemfanyia kazi, ambaye mama yake alizaliwa Lamu, aliwaruhusu kuleta familia mwaka jana, baada ya skuli ya kijijini kwao kufungwa kwa sababu ya vita.

Kazi yangu mimi ni Kiswahili, na kuhakikisha kwamba vijana wa chuo hawawafundishi watoto upuuzi.

Pauline aliniamkia, "Sasa, Mwalimu! Uko poa?" Nikamwambia kwamba mtu wa umri wangu huamkiwa shikamoo. "Haya, shikamoo basi," akasema, huku akitafuna ubani.

Mkubwa wa watoto ni Muna, binti wa Jaafar, mmoja wa ndugu hao wawili, mwenye umri wa miaka kumi na miwili. Nilimwuliza walikujaje leo. Akajibu, "Tumekuya na baba kwa ndia ya sokoni." Nikamwambia aseme tumekuja, njia. Akarudia bila kosa. Ana masikio mazuri.

Ijumaa, 15 Januari

Leo nimeelezwa vizuri jambo lenyewe. Mwisho wa Machi kuna mahojiano katika skuli moja ya Kihindi huko Bur Dubai. Arbab amekubali kumlipia Muna skuli hiyo, wala si nyingine, kwa kuwa anafahamiana na wenyewe. Wadogo zake wanaweza kungoja mwakani. Yeye hawezi, kwani mwakani atakuwa amepita umri wa darasa ambalo wangeweza kumweka. Na mke wa arbab, ambaye wote humwita Madam, amekwisha kumwambia Jaafar kwamba msichana asiyesoma asikae bure. Atakwenda nyumbani kwake Mirdif kusaidia kulea mtoto mchanga.

"Akiingia hiyo nyumba, khalas," alisema Pauline. "Hatoki."

Nilimwuliza anajuaje. Akasema mamake mdogo alikwenda kwa watu Nakuru kulea mtoto kwa muda wa likizo tu, naye alikaa huko mpaka mtoto huyo akaoa.

Ijumaa, 22 Januari

Ukungu mzito. Mubin hakufika. Tumesoma viambishi vya njeo.

Ijumaa, 29 Januari

Leo yametokea mabishano, nami naandika kama yalivyokuwa.

Nilikuwa nikifundisha ngeli ya kwanza, majina ya watu. Mkenya, Wakenya. Mhindi, Wahindi. Nikamwelekea Muna nikasema, "Mboni, Waboni." Akasema, kwa adabu lakini waziwazi, "Mimi si Mboni."

"Basi wewe ni nani?"

"Aweer."

"Mtu mmoja?"

"Aweer."

"Na wengi?"

"Aweer."

Mubin akaangua kicheko. "Bi Sheikha, leo umepatikana! Hawa watu hawana wingi."

"Kila mtu ana wingi," nikamwambia, na watoto nao wakacheka. Nikawaeleza kwamba mboni ni kitovu cha jicho, kitu cha thamani, wala jina hilo si la kumwonea mtu haya. Muna aliinamisha kichwa. Sikuona sababu.

Watoto walipotoka, Pauline alibaki akifuta ubao uliokuwa umekwisha kufutika.

"Mwalimu, usimwite hivyo tena."

"Ndivyo lilivyoandikwa vitabuni."

"Hata sisi tuliandikwa Wandorobo. Mimi ni Ogiek, Mwalimu, wa msitu wa Mau. Unajua Ndorobo ni nini? Ni mtu hana ng'ombe. Mtu bure. Jirani ndiye alituita hivyo, mzungu akasikia, akaandika. Nyanya yangu amekufa na hilo jina kwa makaratasi. Na huyo Boni ni hivyo hivyo, waulize. Waliitwa hivyo na watu waliowaona takataka."

Nilimwambia kwamba lugha haipangwi kwa hasira.

"Sawa, Mwalimu. Lakini mtoto ako na jina."

"Ana jina," nikamsahihisha.

Akanitazama. "Ehe," akasema. "Ana jina."

Ijumaa, 5 Februari

Pauline amekuja kwa wakati, bila ubani mdomoni. Hakunisemesha.

Ijumaa, 12 Februari

Namna ya Pauline ya kufundisha ni hii: huwaacha watoto waseme. Wanasema juu ya kwao, kwa Kiswahili chao, kwa lugha yao, kwa Kiingereza cha kuokota, yote kwa pamoja, na yeye hukaa sakafuni kama mwenzao na kuuliza, "Halafu?" Kelele zake husikika mpaka barabarani. Waleed amelalamika mara moja.

Leo Muna alisimama akiwaeleza habari za babu yake. "Babu hupija mbinja, nyuni huya, hutuonya ndia ya asali." Watoto wote walikuwa kimya, hata mdogo kabisa. Nikamwambia kutoka mezani kwangu: hupiga, si hupija (mbinja, yaani mluzi, ni sahihi), ndege, si nyuni, huja, hutuonyesha njia. Aliyarudia maneno yote kwa usahihi. Pauline akamwuliza, "Halafu? Huyo ndege akifika?" Muna akasema, "Basi." Akaketi.

"Si ungemwacha amalize kwanza?" aliniuliza Pauline.

Nikamwambia kosa husahihishwa pale pale linapotoka, ndivyo tulivyofunzwa chuo cha ualimu Unguja, na ndivyo nilivyosomesha maisha yangu yote.

Mubin naye, ambaye hana haya, akadakia. "Lakini Bi Sheikha, tenzi za zamani zote unazotusomea hapa zimejaa ndia na nyuni na kuya. Mbona wale wazee huwasahihishi?"

Nilimjibu kwamba washairi hawaendi kuhojiwa Bur Dubai.

Ijumaa, 19 Februari

Hapana darasa. Mchanga hewani tangu alfajiri. Rafiq, mwanangu, amenikataza kutoka.

Ijumaa, 26 Februari

Maendeleo mazuri. Muna sasa hasemi neno ovyo. Nikimwuliza jambo, hungoja, midomo ikitikisika bila sauti, kisha hutoa sentensi nzima iliyonyooka. Amesema machache leo, yote safi. Nimemsifu mbele ya wenzake.

Pauline alisema, "Mwalimu, huyu mtoto alikuwa anaongea."

"Na sasa anaongea vizuri," nikamwambia.

Ijumaa, 4 Machi

Maneno ya picha kwa Kiingereza. Pauline huonyesha kadi, watoto hutaja. Mdogo wake Muna hupiga kelele jibu kabla kadi haijageuzwa, mara nyingi si jibu lenyewe. Muna alijua zote. Alisema baada ya kunitazama.

Jumatano, 9 Machi

Mvua kubwa ya ngurumo, ambayo hapa huonekana mara chache. Barabara zimejaa maji, watu wanasukuma magari. Chumba anachokaa Jaafar na familia yake, mtaa wa pili kutoka kwetu, kimeingia maji mpaka kwenye magodoro. Nilimtuma Rafiq akawalete kwetu. Mkewe Jaafar hakutaka kuketi juu ya kochi mpaka nilipomshika mkono. Jaafar alibaki mlangoni, suruali imelowa mpaka magotini, akisema, "Tutawasumbua, Bi Sheikha, tutawasumbua." Nilikuwa nikidhani unyenyekevu wake ni wa kuigiza. Leo nimeona sivyo.

Watoto niliwaweka chumbani kwangu. Nilipokwenda kuwapelekea chai nilisimama nje ya mlango, kwa sababu nilisikia sauti nisiyoijua. Ilikuwa sauti ya Muna. Alikuwa akisema lugha yao, haraka, kwa nguvu, akiigiza watu: mara baba yake na kondakta wa basi, mara Mubin na kicheko chake. Wadogo zake walikuwa hoi. Kisha akabadili sauti, akasema kwa Kiswahili, polepole, kwa sauti ya puani, "Njia, mwanangu. Njia. Fungua mdomo: nji-a." Ilikuwa mimi kabisa. Vicheko vikazidi.

Niligonga mlango ndipo nikaingia. Chumba kizima kikanyamaza. Muna alisimama akapokea sinia kwa mikono miwili.

Sikukasirika. Nilijiambia kwamba mtoto mwenye sauti kama ile hawezi kushindwa mahojiano.

Ijumaa, 18 Machi

Zimebaki wiki mbili kasoro. Muna anakohoa. Nimempa asali na tangawizi.

Ijumaa, 25 Machi

Skuli imekubali kwamba kwa kuwa Kiingereza cha Muna bado kichanga, mwalimu mkuu atamwuliza mambo mengine kwa njia ya mkalimani. Wanataka kuona kama mtoto anafahamu na anaweza kujieleza. Mkalimani awe nani? Pauline alikuwa amekwisha kujipanga.

Nilisema hapana. Mtoto huyu ataonekana kupitia kinywa cha mkalimani wake, na Kiswahili cha Pauline ni kibovu. Nililisema mbele yake, kwa sababu sipendi kuwasema watu kisogoni.

"Najua ni kibovu," akasema. "Lakini mimi ananiongelesha, Mwalimu. Hiyo ndiyo tunataka pale. Aongee."

"Ataongea. Nimemwandaa."

Jaafar alikuwa amekuja kuwachukua watoto. Tukamgeukia, yeye ndiye mzazi. Alimtazama Pauline, kisha akanitazama mimi, kisha akatazama kofia yake ya kazi aliyoishika. "Bi Sheikha ndiye mkubwa wetu hapa," akasema. "Tukimwacha mkubwa tukamchukua binti, itakuwa aibu."

Pauline aliokota mkoba wake. Mlangoni akasema, "Please, Mwalimu. Mwache amalize." Nikamwambia nimesikia.

Jumanne, 29 Machi

Ninaandika baada ya isha. Nitaandika kwa mpangilio.

Tulivuka asubuhi kwa abra, mashua ya abiria, mimi, Jaafar na Muna. Mama yake alikuwa amemsuka na kumfunga mtandio mweupe. Jaafar alikuwa amevaa sare yake ya ulinzi, imepigwa pasi, maana hana nguo nyingine ya heshima. Alikatazwa kuingia ofisini. Aliachwa kwenye viti vya nje pamoja na wazazi wengine.

Mwalimu mkuu ni mama wa Kihindi, mtu mpole. Sina la kumlaumu. Alimpa Muna peremende, akamwuliza jina na umri kwa Kiingereza, naye Muna akajibu yote mawili vizuri. Kisha akaniambia, "Mwambie anieleze kwao kukoje. Chochote anachopenda. Ninataka tu kumsikia."

Nilimfasiria. Muna akavuta pumzi, uso wake ukafunguka kidogo, akaanza. "Babu yangu hupija mbinja..."

"Hupiga," nikasema.

Nilisema kwa sauti ya chini. Sikukusudia. Lilitoka kama mtu anavyonyoosha mkono kudaka glasi inayoanguka mezani.

"Hupiga mbinja," akasema Muna. "Nyuni..." Akajisimamisha mwenyewe. "Ndege. Ndege hu..." Akanitazama. Midomo yake ilikuwa ikitikisika. Alikuwa akilitafuta neno, nami nilijua neno analolitafuta, na badala ya kumwachia nikamtajia: "Huja."

"Huja," akasema. Na hapo akaishia.

"Anasema nini?" akauliza mwalimu mkuu.

"Bado anaipanga sentensi yake," nikamjibu.

Akangoja. Ni kweli kwamba alingoja sana. Kisha akajaribu jambo jepesi zaidi. "Mwulize, wao ni watu gani? Kabila lao linaitwaje?"

Nilimfasiria. Muna akasema, "Aweer."

Nami, nikimgeukia mwalimu mkuu, nikasema kwa Kiingereza kwamba ni Waboni, watu wa msituni katika pwani ya kaskazini ya Kenya, kwa sababu nilifikiri kwamba jina hilo ndilo atakalolikuta akitafuta. Nililisema kwa Kiingereza, lakini Boni ni Boni katika kila lugha. Muna alilisikia.

Baada ya hapo hakusema tena. Alionyeshwa kadi za picha, mwavuli, jiko, meli, maneno ambayo Pauline alimfundisha yote, na ambayo nilijua kwamba anayajua. Alizitazama kadi. Hakulia wala hakununa. Alikaa tu, mikono mapajani, kama mtu anayengoja gari.

"Anaelewa?" akauliza mwalimu mkuu.

"Anaelewa kila kitu."

"Basi kwa nini hasemi?"

Nilimfasiria Muna swali hilo. 

Aliniambia kwa upole kwamba anaona mtoto ana tatizo la usemi, na kwamba skuli yao haina mwalimu maalumu wa watoto wa namna hiyo. Nilimwambia hana tatizo lolote. Akatabasamu kama watu wanavyotabasamu mbele ya bibi wa mtoto.

Nje, Jaafar alisimama. "Imekuwaje, Bi Sheikha?" Nikamwambia hawakumchukua. Muna akamwambia baba yake jambo fupi kwa lugha yao. Jaafar aliitikia kwa kichwa, akamshika mkono. Tulivuka tena kwa abra, mimi upande huu, wao upande ule.

Jumatano, 30 Machi

Pauline alipiga simu. Hakuniamkia.

"Ulimsahihisha?"

Nikasema ndiyo.

Akakata.

Ijumaa, 1 Aprili

Pauline alikuja, akawafundisha wadogo hesabu, akaondoka. Muna hakuja. Mubin alikaa akizungusha kalamu vidoleni. Hakufanya mzaha hata mmoja, na kwa mara ya kwanza niliutamani mzaha wake.

Jumanne, 5 Aprili

Nimerudi Bur Dubai peke yangu. Nilimweleza mwalimu mkuu kwamba kosa lilikuwa langu, si la mtoto, na nikamwomba amsikilize tena na mkalimani mwingine. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nafasi imekwisha kupewa mtoto mwingine, na masomo yameanza juzi. Alinishauri nijaribu mwakani. Nikamwambia mwakani umri hautaruhusu. Akasema anasikitika, na niliona kwamba anasikitika kweli, jambo ambalo halikunisaidia.

Jumapili, 10 Aprili

Jaafar amekuja kuniaga kwa niaba ya Muna. Dereva wa Madam alimchukua asubuhi.

Nilimkaribisha ndani. Aliketi ukingoni mwa kiti. Nilimwuliza siku ile, nje ya ofisi, binti yake alimwambia nini. Hakutaka kusema. Nilimshikilia.

"Ni utoto tu, Bi Sheikha. Usiweke moyoni."

"Niambie, Jaafar."

"Alisema, 'Mwalimu amejibu yeye.'"

Nikamwuliza kama amekasirika na mimi. Akafikiri. "Wewe ulitaka awe mzuri," akasema. "Mimi nilitaka awe na wewe, kwa kuwa wewe ni mkubwa. Yule binti wa chuo alitaka aseme tu. Sasa ndiyo yamekwisha." Akanywa chai yake yote, kwa heshima, ingawa ilikuwa bado ya moto sana.

Ijumaa, 22 Aprili

Joto limeanza. Nimefundisha tena majina ya watu. Ubaoni niliandika Mkenya, Wakenya, Mhindi, Wahindi, Aweer. Mubin akauliza, safari hii kwa sauti ya chini, "Na wingi wake?" Nikamwambia, "Aweer." Wadogo wa Muna walitazamana.

Pauline alikuwa sakafuni na mtoto mdogo kabisa, ambaye alikuwa akimweleza kisa kirefu cha nyani, chenye makosa katika kila neno. Nilikaa mezani kwangu mikono nimeikalia. Kisa kilipokwisha, Pauline alinyanyua kichwa akanitazama kidogo, akaendelea na kazi.

Ijumaa, 29 Aprili

Pauline ameniambia, "Shikamoo, Mwalimu." 

Jumanne, 3 Mei

Rafiq amenipeleka Mirdif. Nilizungumza na Madam kwa Kiarabu. Alinipokea vizuri, akaniita "ya hajja", akanimiminia kahawa kwa mkono wake. Alisema Muna ni msichana mtulivu sana, hajapata kuwa na mfanyakazi mtulivu kama huyo. Nilimwomba anipe Muna saa moja kila Ijumaa baada ya magharibi, nimsomeshe palepale nyumbani. Alikubali, kwa sharti kwamba asiachane na mtoto.

Nilimpigia simu Pauline kumwambia. Akasema, "Nenda, Mwalimu. Usimfundishe kitu. Muulize tu halafu."

Ijumaa, 6 Mei

Madam alikuwa na wageni. Nimerudi.

Ijumaa, 13 Mei

Tulipewa kijichumba kilicho nyuma ya jiko, chenye meza ya kupigia pasi na viti viwili. Muna aliingia na mtoto begani. Amekonda. Ameamkia, ameketi, amemweka mtoto mapajani, amengoja.

Sikufungua kitabu. Nilimwambia anieleze jambo lolote, kwa namna yoyote, kwa lugha yoyote anayotaka, hata kama mimi siijui. Nikamwambia nitasikiliza tu. Alinitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayeangalia kama mlango umefungwa kweli.

"Nimechoka, Bibi," akasema.

Nikangoja. Nikasema, "Halafu?" Lakini alikuwa amekwisha kuweka shavu juu ya meza ya pasi, na katika muda mfupi usingizi ulimchukua, mkono mmoja bado umemshika mtoto. Mtoto akaanza kulia. Nikamtoa taratibu mkononi mwake, nikampakata, nikausukuma mlango kwa mguu ili sauti isifike sebuleni, nikatembea naye kutoka ukuta hadi ukuta mpaka saa yetu ikaisha.